Shortcut ya eulogy ilikataa kufunguka Kitale, kumbe mambo yalianzia Kanduyi

Sasa wakuu.

Hii sikuhadithiwa na mtu, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimeshika mouse. Majina nimebadilisha, hayo mengine ni vile yalivyotokea.

Niko na duka ya printing hapa Kitale. Ijumaa moja asubuhi akaingia mama mmoja, tumuite Nafula, na flash mkononi. Baba yake alikuwa anazikwa kesho yake huko Matulo, na yeye alitaka programu za mazishi zenye eulogy ndani, yaani historia ya marehemu, azibebe jioni hiyo.

Nikafungua flash. Kitu kimoja tu, icon yenye kale kamshale kadogo pembeni.

Nikajua leo kuna kazi.

Wale hamjui, hiyo ni shortcut. Faili yenyewe haiko hapo, ni maelekezo tu ya mahali iko. Ni kama kuambiwa nyumba ya fulani iko nyuma ya posho mill, halafu unaenda nyumbani ukidhani umepewa nyumba.

Nikamweleza pole pole. Akasema si neno, faili iko kwa computer ya ndugu yake Barasa, ana agrovet, duka la mbolea na dawa za mifugo, pale Kanduyi. Computer ni mzee, na programu ya kuandika ni ile ya zamani za kale. Akampigia, akaweka loudspeaker.

Barasa akabonyeza icon yake kwa desktop. Ikakataa. Akaingia ndani ya programu, kwa ile orodha ya faili za karibuni. Pia ikakataa, ati faili haipatikani.

"Umefuta, Nafula! Ulikuja hapa juzi na flash ukafuta!"

Hapo ndipo nilielewa uzito. Nafula akaninong'onezea kwamba mzee alikuwa na wake wawili. Nafula ni wa mke wa kwanza, ile wanaita nyumba kubwa, Barasa ni wa mke wa pili. Na mnajua eulogy kwetu, bana: nani ametajwa mbele, nani ameachwa, wajukuu wa nani wamerukwa. Walikuwa wamekaa vikao mpaka wakakubaliana neno kwa neno, na hiyo ndiyo copy pekee. Ikipotea, ugomvi unaanza upya na marehemu bado hajalazwa.

"Mungu ni shahidi, sikugusa kitu," Nafula akasema.

Mimi kesi za ndugu siamui. Nikachukua simu.

"Bro, tulia kwanza. Right-click hiyo shortcut, enda Properties, unisomee vile imeandikwa kwa Target, ile njia ya kufika kwa faili."

Akasoma kama mtoto wa nursery. "D... Nyumba Kubwa... eulogy."

"Sawa. Ingia kwa D. Hiyo folder ya Nyumba Kubwa iko?"

Nikasikia mouse ikibonyezwa mara mbili.

"Iko," akasema. "Lakini nilibadilisha jina. Sasa inaitwa Familia ya Mzee."

Wakuu, nilishusha pumzi mpaka mteja mwingine akanigeukia. Faili iko salama! Ukibadilisha jina la folder, shortcut bado inatafuta lile la zamani. Mashine za siku hizi mara nyingi zinajitafutia. Hiyo ya Barasa haikuwa na uwezo huo.

Mimi nilikuwa nafurahi peke yangu. Nafula akauliza, "Ulibadilisha kwa nini?"

"Si wewe ndiye uliandika hilo jina siku ya kwanza? Kila asubuhi nikiingia D kwa hesabu za duka nalikuta hapo. Kwani sisi ni nyumba ndogo, dada? Huyu si baba yangu pia?"

Nafula alikaa kwa kiti ya wateja, akafunika uso na leso.

Nikaona nirudishe mambo kwa kazi. Nikamwambia Barasa aweke faili kwa simu atutumie, na hiyo shortcut isimsumbue, arudishe tu jina la zamani itafunguka.

"Asirudishe," Nafula akasema, machozi yanateremka. "Barasa, usirudishe. Wacha hilo jina lako, utengeneze shortcut ingine."

Upande ule tukasikia mtu mzima analia katikati ya magunia ya mbolea. Hata mimi nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza. Faili ilikuja kwa simu, na jioni Nafula akabeba programu zake.

Nilichojifunza: ukipeleka kazi printing, ile ya kamshale haitoshi, ingia ndani ya folder ukopi faili yenyewe. Shortcut ikikataa, soma Target kabla hujasema mtu amefuta. Na folder ya watu wengi, kabla uipe jina, fikiria ni nani atakuwa analisoma kila asubuhi.

Wewe ungekuwa Barasa, ungesema au ungenyamaza na hilo jina? Nawasoma hapo chini.