Wino Mwekundu wa Nyapara

Nina daftari moja lililoandikwa kwa wino wa rangi mbili. Wino wa bluu ni wa mambo niliyoambiwa. Wino mwekundu ni wa mambo niliyoongeza mwenyewe. Utaratibu huu nilijitungia nikiwa na miaka thelathini na kitu, na niliuonea fahari kuliko chochote nilichowahi kujifundisha, kwa kuwa shule niliishia darasa la saba na sikuwa na mtu wa kuniambia nilipokosea. Nilijiambia kwamba mwenye kalamu mbili hawezi kudanganya. Naandika haya kueleza jinsi nilivyodanganya, kalamu zote mbili zikiwa mfukoni.

Kazi yangu ni kuchora mabango Handeni. Kichwa cha ng'ombe kwenye bucha, mkasi na kitana kwenye saluni, jogoo kwenye duka la dawa za mifugo: vingi vya namna hiyo pale mjini vimetoka mkononi mwangu. Jioni nilikuwa nasoma. Nilisoma kamusi, vitabu vya historia vilivyochanika majalada, na vitabu vya picha vya kigeni vilivyokuja na marobota ya mitumba.

Katika vitabu hivyo vya picha ndimo nilimokutana na yule shujaa ambaye leo watoto wanamvaa kwenye fulana na mabegi ya shule: mwenye kinyago na joho jeusi, tajiri mchana, mtisha wahalifu gizani. Nilimpenda, ila jambo moja lilinikera. Alikuwa na utajiri, na haki yake ilikuwa ya mtu asiyewahi kulala njaa. Nikajiuliza, je, angezaliwa huku kwetu, enzi za mashamba ya mkonge, enzi za manamba walioletwa kutoka mbali kwa mkataba? Asingekuwa na gari wala jumba. Angekuwa mkata mkonge. Joho lake lingekuwa gunia, kinyago chake kitambaa kilichochovywa katika maji machafu ya korona, kama walivyoiita mashine ya kusindika mkonge. Na asingewapeleka waovu polisi, maana polisi walikuwa wa mwenye shamba. Angewanyonga.

Nilianza kumchora. Lakini shujaa anahitaji adui, na mimi sikuyajua maisha ya mashambani. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Mnyuzi, Mzigua mwenzangu, aliyewahi kuwa nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, wakati wa Mwingereza. Nilipanda basi hadi Korogwe, kisha bodaboda.

Nilimkuta anakwangua kwato za mbuzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mchora ng'ombe wa Handeni? Yule ng'ombe wa kwenye bucha ana macho ya binadamu. Nikipita pale nashindwa kununua nyama."

Tulicheka, tukazoeana. Nilikwenda kwake mara sita. Binti yake mkubwa, mjane aliyerudi kumtunza, alituletea uji wa muhogo na kutuacha tuongee. Mzee aliiangalia mikono yangu inavyobadilisha kalamu akauliza sababu. Nikamweleza. Akafurahi sana.

"Kumbe unaandika kama karani wa zamani. Bluu yangu, nyekundu yako. Vizuri. Tusichanganye mbuzi."

Siku ya tano alinieleza jambo ambalo, kwa maneno yake, hata mkewe hakuwahi kuambiwa lote. Kibarua alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi thelathini. Siku ilihesabiwa pale tu alipomaliza mafungu ya majani aliyopangiwa. Nyapara alihakiki, alama ikawekwa. Manamba mmoja kutoka bara alishikwa na homa. Akakata mafungu yake yote isipokuwa mawili. Mzee, wakati huo kijana mwenye kofia mpya, alikataa kuihesabu siku ile. Kesho yake yule mtu alirudi shambani na homa yake ili aifidie. Siku ya tatu walimzika.

"Sikumpiga," mzee alisema. "Ningempiga ningeweza kujitetea kwamba nilikuwa na hasira. Nilikataa tu kuweka alama. Mafungu mawili." Alikohoa mara mbili, kama alivyokohoa kila alipotaka kusema jambo zito. "Andika hiyo kwa bluu."

Niliandika kwa bluu.

Nyumbani niliona kwamba kisa hakitoshi. Mtu kukataa kuweka alama kwenye kadi hakuchoreki. Msomaji atageuza ukurasa. Nikachukua kalamu nyekundu. Nyapara wangu alimpiga mgonjwa kwa mlingoti, ile nguzo ya ua la mkonge, mbele ya mke wa mgonjwa huyo. Akamfunga kwenye reli ya vitoroli vya kubebea mkonge ashinde juani. Akautemea mate mwili. Kisha nikampa vidole vitatu mkono wa kushoto, na kikohozi mara mbili kabla ya kila neno, kwa sababu mambo hayo yalikuwa mazuri na nilikuwa nayo tayari. Katika ukurasa wa mwisho shujaa wa gunia alimtundika kwenye boriti ya korona.

Yote hayo yamo daftarini kwa wino mwekundu, kwa mwandiko safi, kila sentensi na namba yake. Utaratibu haukukosewa hata mahali pamoja. Lakini kitabu nilikitoa kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Korogwe, na mashine ya fotokopi haina rangi. Wino wote ulitoka mweusi. Na kwenye jalada, kwa herufi zangu bora za bango, niliandika: KISA CHA KWELI.

Neno lile sikuliandika kwa bahati mbaya. Nililipima, nikalipangia nafasi, nikaliwekea kivuli.

Kitabu kilienda. Nilikiona kwenye mabenchi ya kahawa, nikakiona kwenye basi la Handeni kimekunjwa mfuko wa nyuma wa kondakta. Mwalimu mmoja wa sekondari alinisimamisha njiani akanipa mkono kwa mikono miwili. "Hatimaye tumepata mwanahistoria wetu," alisema. Mtu aliyeishia darasa la saba akiitwa mwanahistoria na mwalimu, moyo wake hufanya mambo ya ajabu. Wangu uliamini.

Mnyuzi hawakuhitaji kuuliza nyapara ni nani. Walihesabu vidole.

Mzee aliniita kwa simu ya binti yake. Nilimkuta amekaa ndani, dirisha limefungwa mchana kweupe. Kitabu kilikuwa mkekani.

"Umenichora vizuri," alisema. "Hata masikio."

"Mzee, yule si wewe. Ni mhusika tu."

"Nikienda kisimani wananikoholea. Wanawake watu wazima. Mara mbili, hivi." Alikohoa, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Msikitini jirani yangu wa safu amesogea. Miaka arobaini bega kwa bega, amesogea. Sasa sikiliza, mwanangu. Daftari lile unalo?"

"Ninalo."

"Njoo nalo Ijumaa. Baada ya swala nitaomba watu wakae. Usome bluu, usome nyekundu. Zote mbili, usinioshe. Nilichofanya nimekifanya, nitakijibu kwa Mungu. Ila sitaki kuzikwa na chako."

Nikaahidi. Binti alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Ijumaa ile niliondoka Handeni mapema, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilifika Korogwe. Nikaketi kwenye kibanda cha chai stendi, nikaona mteja wa meza ya pili anasoma kitabu changu, midomo inacheza. Niliwaza jinsi mwalimu yule atakavyosikia. Niliwaza neno la kwenye jalada. Nikaagiza chai nyingine. Adhana iliponadiwa nilikuwa bado pale, na swala ilipokwisha nilimpigia binti nikamwambia bodaboda imeharibika njiani.

"Ipo wapi?" aliuliza.

Sikuwa nimelitunga jibu hilo.

"Haya," akasema. "Watu wameshakaa. Nitamwambia baba awaruhusu waondoke."

Sikurudi Mnyuzi mpaka nilipopata habari ya msiba, miezi mitano baadaye. Safari hii sikuchelewa.

Msibani Wanyamwezi walikuwa wameshafika. Mababu zao waliletwa kukata mkonge wakabaki, nao ni watani wa Wazigua. Kwenye mazishi yetu wana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza, kututukana wafiwa, na haikasirikiwi. Aliyeongoza alikuwa mzee mfupi, rafiki wa marehemu tangu ujana. Nilitegemea atamwigiza mzee na mbuzi zake, maana alikuwa akizisemesha kama wajukuu. Badala yake alitokea nyuma ya nyumba na gunia mabegani, kitambaa usoni, mkononi mlingoti wa mkonge.

"Nyapara!" alipaza sauti mbele ya jeneza. "Toka nje! Leo kipande chako kimejaa! Ulimfunga mtu relini, leo nani amekufunga sanda? Tema mate basi, tukuone!"

Watu walicheka, kama inavyopasa. Kicheko kikapungua haraka kuliko ilivyo kawaida. Mtani mwenyewe alisita, akashusha mlingoti. Simlaumu. Mtani haigizi siri. Anaigiza kile ambacho kila mtu anakijua juu ya marehemu, ili kila mtu acheke. Na walichokijua wote kilikuwa kitabu changu.

Baada ya sala ya jeneza imamu aliuliza, kama ilivyo desturi: "Ndugu zangu, marehemu huyu mnamshuhudiaje?"

Jibu linajulikana. Nimelisikia likitoka kwa watu wazima na watoto, hata marehemu akiwa mwizi. Safari hii safu za mbele zilisema, "Mtu mwema." Wa nyuma walitazama viatu vyao. Imamu akarudia swali. Daftari lilikuwa begani kwangu, ndani ya mfuko, uzito wake naukumbuka. Nilifungua mdomo nikasema "Mtu mwema" kwa sauti ambayo aliye kando yangu hakuisikia. Kisha nikabeba jeneza zamu yangu, hatua kama ishirini, nikampisha mwingine.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, niliomba ruhusa ya kusema. Naandika "niliomba", lakini ukweli ni kwamba binti alikuwa amenipigia kuniuliza swali moja tu: "Daftari bado unalo, au nalo limeharibikia njiani?"

Nilisimama uani kwao, mbele ya watu walioketi mikekani, nikasoma nyekundu zote kwa namba. Mlingoti, wangu. Kufungwa relini, kwangu. Mate, yangu. Mke kutazama, nilitunga. Neno la jalada, langu. Nilisoma taratibu kama karani, bila kuinua macho. Nilipomaliza nikafunga daftari. Nilidhani nimemaliza.

"Na bluu?" binti aliuliza kutoka upande wa wanawake.

"Dada, marehemu ametangulia. Niliona tumsitiri."

"Baba alisema zote mbili. Hutamsitiri wewe."

Nikafungua tena, nikasoma ya bluu. Homa, mafungu mawili, siku iliyokataliwa, siku ya tatu. Nikasoma sentensi yake kama alivyoitamka: *Sikumpiga. Nilikataa tu kuweka alama.* Jirani wa safu, yule aliyesogea, alijifuta uso kwa ncha ya kanzu.

Mtani, yule mzee mfupi, ndiye aliyesema kwanza.

"We Mzigua," alisema, "hebu nielewe. Alama za huyu mzee ulikuwa nazo mfukoni?"

"Ndiyo."

"Toka lini?"

"Toka mwanzo."

"Na Ijumaa ile watu wa stendi walikuona: ulikuja hadi Korogwe, ukanywa chai, ukakataa kuziweka." Akawageukia watu. "Jamani, tumezika nyapara wa nini? Nyapara si huyu hapa, amesimama!"

Watu walicheka, na safari hii kicheko kilifika mpaka nyuma. Binti naye alicheka, amejiziba mdomo kwa khanga, huku machozi yanamtoka. Nilijaribu kucheka nao, kwa kuwa utani haukasirikiwi. Uso ulikataa.

Nakala bado zipo. Ninapoiona moja, kwenye kibanda cha chai au mkononi mwa abiria, namwomba mwenyewe aniazime dakika tano, natoa kalamu nyekundu, napiga mstari palipo pangu, na neno la jalada nalikata. Wengine wananiruhusu. Juzi hapa Korogwe dereva mmoja wa bodaboda alininyang'anya kitabu chake kabla sijafika ukurasa wa pili.

"Mzee, unaniharibia," alisema. "Hizo ulizokata ndizo tamu."

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimezipima.