Kijito Kilichokuwa Mpaka Wetu

Barabara ilipotulia kidogo, nilipanda hadi vilima vya kwetu Djugu kuangalia kama shamba letu bado lipo. Mama, ambaye tangu tukimbie vita anaishi nami hapa mjini, mtaa wa Bigo, hakuniagiza kitu. Alitaka tu kujua kama ana mahali pa kurudi kulima, na hatimaye pa kuzikwa.

Laiti ungeiona nchi ile nilipokuwa mtoto. Vilima vilifuatana, vyenye nyasi mgongoni, na kati ya kila viwili palikuwa na bonde na kijito. Chetu kilichuruzika chini ya kilima, pale udongo mwekundu unapokutana na jiwe, kikapenya matete na kuteremka kuufuata mto. Chuoni nilifundishwa kuchora mikondo ya maji ya vilima hivyo, lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kuijua kwa baridi yake.

Kila familia ilikuwa na kidimbwi chake cha kulowekea muhogo. Sisi wasichana tuliutoa asubuhi, laini, na uchachu wake ukatufuata vidoleni hadi darasani. Binti wa jirani, aliyetoa muhogo wa kwao ng'ambo ya pili, alinirushia matope akiniita Mutoto wa Muhogo, nami nikamrudishia.

Kwingine watu walipanda miti ya mpaka. Nyanya, mama yake baba, na jirani yule walikataa. Walipatana kwamba kijito ndicho mpaka: ng'ambo ile ni ya kwao, hii ni ya kwetu. Mti hung'olewa, Nyanya alisema, lakini maji nani atayabeba?

Wachimba dhahabu wameyabeba. Nilikuta kilima kimekatwa ubavu, na kijito kimegeuzwa kwa mfereji kipite nyuma ya shamba letu, wapate kuoshea mchanga wao. Bondeni yamebaki mashimo ya maji mazito, yasiyokwenda popote.

Binti yule wa jirani, sasa mwenye wajukuu, alikuwa akilima kwetu. Aliniita kwa jina lile la utani, tukacheka, tukakumbatiana tukilia. Kisha akanyoosha jembe kuelekea mferejini.

"Dada, siye hatukuhama. Maji ndiyo ilihama. Weye unajua vile wazee walipatana."

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe anaamini hivyo. Alishusha jembe.

"Kwetu kote iko mashimo. Unataka nilime wapi?"

Naweza kuchora bonde lile lote kwa kumbukumbu, kila kidimbwi na mwenyewe, lakini mchoro huo hauonyeshi tena mahali popote duniani.

Niliporudi, Mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Hakuuliza habari za nyumba.

"Maji iko inapita upande gani?"

Nikamwambia. Aliendelea kuchambua, akapepeta, akatoa jiwe moja dogo. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama makaburi ya hapa mjini bado yana nafasi.