Msichana Asiyekosa Shule

Mwaka wangu wa kwanza katika shule moja chini ya Mlima Hanang, walimu tulikuwa watatu na madarasa saba. Nilipewa la tatu na la nne, chumba kimoja: hawa wakitazama ubao wa mbele, wale wa nyuma, mimi katikati nikigeuka kutwa nzima. Asubuhi ukungu uliingia madirishani, nyuso zikawa kama za ndotoni.

Kiangazi watoto wa wafugaji walifuata malisho, madawati yakabaki wazi. Msichana mmoja tu wa la tatu hakukosa hata siku moja, na nilimsifu mbele ya wote. Wiki moja mwandiko wake ulilala kushoto, iliyofuata kulia. Nikadhani ni macho yangu.

Siku moja nilichelewa, nikampita njiani amejifunga shuka, anachunga ndama. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia. Nikaingia darasani, nikamkuta amekaa kwenye dawati lake, na sweta yake ya kijani.

"Wewe ni nani?"

Akasimama. "Tuko wawili, mwalimu. Mimi na pacha wangu mdogo. Wiki hii zamu ya ndama ni yake."

Hasira zilinipanda. "Jina moja kwenye daftari la mahudhurio, watu wawili! Mnaniona mjinga?"

Hakuinua macho. "Samahani, mwalimu. Lakini si hata wewe uko mmoja, na madarasa ni mawili?"

Nyuma yangu la nne walikuwa wamemaliza zoezi, wananiita. Nikageuka.