Dawa ya Ukuta Isiyoonekana

Jumamosi, katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Butembo, mume na mke walitafuta dawa ya ukuta wa matofali. Mvua ilikuwa ikipenya hadi chumbani kwa mama wa mume, naye alikuwa anakohoa.

Mume alikumbatia kopo la verni, dawa ya kung'arisha ukuta. "Hii inang'aa. Batu bataona tumetengeneza."

"Mais verni inabakia juu, kisha inabambuka," muuzaji alisema. "Hii ingine inaingia ndani ya tofali, inakatalia maji. Lakini hapana kuonekana."

"Donc nitaonyesha batu nini?"

Mke alimwondolea kopo mikononi, taratibu. "Utabaonyesha mama yako. Atakuwa analala pakavu."

Mume akachukua ile isiyoonekana.

Mjini kwetu nyumba nyingi hupakwa kwa ajili ya wapita njia. Hiyo moja itapakwa kwa ajili ya anayelala ndani.