Projekta Isiyo na Kelele

Sina sababu ya kukudanganya. Mwongo hutafuta faida, na mimi habari hii imeniletea hasara tupu. Watu wananiuliza mbona nisiende redioni niisimulie kwa mdomo wangu, maana zamani mdomo ndio ulionilisha. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini nimeandika.

Mimi ndiye niliyekuwa yule mwanamke wa matangazo. Sabuni, unga, dawa ya mbu, yote yalipita kooni mwangu. Nikinunua sukuma Kangemi, mama mboga alinitambua kwa sauti kabla hajainua uso. Pesa za matangazo hayo ndizo zilizofungua studio yetu pale Jamhuri, katika nyumba ndogo ya uani, mimi na mwenzangu Odhiambo. Yeye alishughulika na kompyuta na nyaya. Mimi nilichanganya sauti za filamu: maneno, muziki, mvua, nyayo, kila kimoja kikae mahali pake.

Sasa, akaja bwana mmoja mwenye filamu kuhusu wakulima wa chai. Alitaka nisome maelezo yake na tumchanganyie sauti, kazi ya miezi mingi. Tukamwonyesha picha ukutani kwa projekta tuliyoazima kanisani. Aki, aibu! Kitu kile kilinguruma kama mashine ya kusagia unga. Ukichanganya sauti unataka picha kubwa, uone midomo ikifunguka, lakini feni ikikupigia kelele juu ya kichwa utamsikiaje mtu anayenong'ona? Bwana akasema atarudi Jumatatu, na akikuta kelele ile anaenda kwingine.

Basi Jumamosi nikashuka mjini, nikazunguka maduka ya Luthuli Avenue. Wengine huchagua projekta kwa macho. Mimi nilichagua kwa masikio. Nilibeba kinasa sauti, maikrofoni na hedifoni, na kila duka nikawaambia wawashe na wanyamaze, ninase sauti ya feni. Walinicheka. Mmoja akaniuliza, "Madam, unaipima malaria?" Mwache acheke. Zote zilikuwa na kelele.

Mtu fulani akanielekeza ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, lakini mle ndani walikuwa wametundika mablanketi madirishani ili picha zionekane. Ukifunga mlango ni usiku. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, wa makamo, sweta ya kijivu, macho ya mtu asiyelala. Simu yake ya mkono ilikuwa mezani, ikilia. Hakuishika.

"Boss, simu yako," nikamwambia.

"Wacha ilie," akasema.

Ikalia ikanyamaza, ikalia tena. Nilidhani ni mtu anayemdai. Akanionyesha projekta mbili, nikazinasa zote, kelele ileile. Ndipo nikaona ya tatu, nyeusi, kwenye rafu ya juu, imefunikwa kitambaa. Taa yake ilikuwa inawaka na mwanga umepenya pembeni ya kitambaa. Nikavaa hedifoni, nikaisogezea maikrofoni. Kimya! Si kimya cha kitu kilichozimwa, naomba unielewe. Kila chumba kina ukimya wake, una uzito fulani masikioni, na sisi wa kazi hii tunaujua. Pale mbele ya ile mashine hakukuwa na hata huo.

"Hii ndiyo yangu," nikasema.

Yule mtu akauliza, "Madam, mama yako yuko?"

"Yuko, Nyeri. Kwani unataka kupeleka mahari?"

Hakucheka. Akageuza uso. "Basi wacha hiyo. Iko na shida. Chukua hizi zingine."

Wewe umekaa Nairobi, si unajua mtu akikwambia hivyo? Nzuri imewekewa mtu wao. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia asinichagulie, pesa zangu si za kuokota, na kama ameificha kwa ajili ya rafiki yake aseme tu. Tukabishana. Simu ikaanza kulia tena. Aliitazama mpaka ikanyamaza, na nikaona machozi yamemjaa. Niliyaona, haki ya Mungu, na bado sikunyamaza.

"Nawezaje kujua feni yake inazunguka?" nikamuuliza. "Isije ikaungua kwangu."

Alijibu polepole, bila kunitazama. "Weka mdomo kwenye matundu yake useme kitu. Sauti ikikatikakatika, feni inazunguka."

Hiyo sisi sote tumeifanya utotoni, kuongea mbele ya feni tusikie sauti ikitetemeka. Na mtu wa studio umwambie aongee mahali, unadhani atasema nini? Nikainama nikasema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Tatu."

Nilihisi baridi kooni, kama nimemeza maji ya barafu. Basi, hakuna kingine. Nikasimama, nikasema iko sawa, na masikio yangu yalisikia nikisema. Simu ikalia tena. Safari hii yule mtu aliirukia.

"Hello?" Aliibana sikioni kwa mikono miwili. "Unanisikia? Unanisikia kweli? Ni mimi, ni baba!"

Akakaa sakafuni, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Nilichanganyikiwa kabisa. Aliifunga projekta mwenyewe huku simu imebanwa begani, akachukua bei ya kwanza niliyotaja, akanifungulia mlango. Nikashuka ngazi nikijiambia Nairobi ina watu wa kila aina.

Kule studio, Odhiambo akaifunga darini, akaiwasha, akaruka kwa furaha. Picha safi na hakuna kelele. "Mama, umeua!" Tukaamua tusikilize nilichonasa, tulinganishe na zile zingine. Tukaweka kwenye spika kubwa.

Ya maduka mengine ilikuwa sawa. Ya ghorofa ya tatu, ambako niliacha kinasa kikiwaka tangu nilipoingia, ilianza na sauti yangu: "Boss, simu yako." Simu ikasikika ikilia. Jibu halikusikika. Mimi tena: "Hii ndiyo yangu." Kimya. "Yuko, Nyeri. Kwani unataka kupeleka mahari?" Kimya.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Odhiambo akauliza.

"Na mwenye duka. Alikuwa karibu nami hivi."

Tukaendelea. Mimi nikigomba peke yangu, kama mwendawazimu. Kisha, "Moja, mbili. Moja, mbili. Ta..." Ikakatika. Kuanzia hapo sauti yangu haikurudi. Ilikuja ya mwanamume, karibu na maikrofoni, kabla ya simu kulia: "Nisamehe, madam. Nilikwambia uwache." Nami nakuapia, pale dukani sikumsikia akisema maneno hayo. Kisha ikafuata ile hello yake na kilio chake.

Odhiambo akainuka. Akaniwekea maikrofoni yetu bora mbele ya mdomo. Nikaongea, nikaimba, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Taa za kompyuta zinazopanda mtu akiongea hazikuwaka hata moja. Odhiambo akakohoa kule pembeni, zikawaka.

Jumatatu yule bwana wa chai alifurahia ukimya wa studio. Akatafuta mtu mwingine wa kusoma maelezo yake. Lakini si kazi iliyoniuma. Mama yangu huniita mami, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kila Jumapili akitoka kanisani hunifleshi kwa simu ya jirani: inalia mara moja anakata, nami nampigia. Jumapili ile, siku moja kabla ya yule bwana kurudi, nilimpigia.

"Mami? Ni wewe?"

"Ni mimi, mama!"

"Mami? Hello? Mbona unaninyamazia? Nimekukosea nini?"

Nilimsikiliza mpaka akakata. Ujumbe hawezi kusoma. Nikiwa mbele yake ananisikia vizuri, kwa hiyo hupanda kwenda Nyeri kila ninapoweza, naye anasema simu yangu imerogwa, ninunue nyingine. Nimenunua nne.

Nilirudi kwenye lile jengo. Duka limefungwa. Mlinzi akaniambia mwenyewe alihama jioni ileile, akiongea kwenye simu njia nzima, hata kwaheri hakusema. Je, naye alisisitiza mahali fulani akauziwa? Aliishi na kimya kile miaka mingapi? Sijui. Nimewaza mpaka kichwa kimechoka. Ninachojua ni kwamba machozi yake siku ile yalikuwa ya huruma kwangu, na pia hakuweza kuniacha niende.

Projekta tuliishusha. Iko kwenye sanduku chini ya meza, nimeizungushia waya, na taa yake huwaka bila stima. Majuzi dada mmoja wa Kangemi, anayefungua studio ya nyimbo za injili, alikuja kuuliza kama tuna projekta ya kuuza isiyo na kelele. Ana sauti nzuri, ya chini, yenye utulivu. Nikamwambia tuliyo nayo iko na shida. Akaona mwanga unapenya sandukuni. Akasema, "Mnawekea watu wenu, eh?"

Nikamuuliza kama mama yake yuko hai. Wallahi maneno yalinitoka yenyewe. Akasema yuko, na simu yangu ikalia mara moja mfukoni, ikakatwa. Ilikuwa Jumapili.

Nilimsukuma huyo dada mpaka nje nikafunga mlango, akaondoka akinitukana. Lakini ameahidi kurudi, na mama yangu amezeeka, na juzi aliniambia ana hofu atakufa siku ambayo siko naye, ananiita kwenye simu na mimi simjibu. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukija kwangu Jamhuri kutafuta projekta, nikakwambia iko na shida kisha nikageuza uso, usibishane nami. Toka mbio, kwa sababu ukisisitiza mara ya pili sina hakika nitakukataza.