Sauti ya Chini ya Ginevra

Kila sikukuu ya Bikira Maria pale Bologna, mji wa Italia, Mea mfua nguo alikuwa wa kwanza kuingia kanisa la watawa, akasimama karibu na dirisha la nondo. Nyuma ya nondo hizo watawa waliimba bila kuonekana. Tuseme kweli, Mea hakuja kusali sana. Alikuja kumsikia Ginevra.

Ginevra alikuwa binti wa tajiri. Mea alimnyonyesha pamoja na mwanawe, na mwanawe alipokufa, maziwa yote yakawa ya Ginevra. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini mlezi naye ana wake. Binti alipotimiza miaka kumi na mitano baba yake alimtia utawani, na kwa amri ya askofu, walioruhusiwa kumtembelea mtawa ni ndugu wa damu tu. Maziwa si damu.

Ikabaki sauti. Watawa waliimba ile zaburi isemayo watoto ni zawadi ya Mungu, kwa sauti nne, kila moja ikishika njia yake. Ile nzito ya chini aliishika Ginevra peke yake.

"Mnaisikia hiyo?" Mea aliwanong'oneza wenzake. "Maziwa yangu hayo!"

"Yako au ya ng'ombe?" akauliza Orsolina muuza maboga, na wote wakacheka mpaka padri akakohoa.

Kisha askofu akapiga marufuku. Sauti nne, alisema, zinawatia watawa kiburi; waimbe wote sauti moja. Sikukuu iliyofuata Mea alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Zaburi ni ile ile, watawa ni wale wale, lakini Ginevra hakumpata. Akaenda kwa sista wa mlangoni.

"Sista, mwanangu yu hai?"

"Yu hai, mama. Anaimba na wenzake."

"Basi mwambie akosee. Kidogo tu. Wenzake wakinyamaza, yeye achelewe."

"We Mea! Unataka kuniponza?"

Lakini sista alikuwa na huruma, akaufikisha ujumbe.

Sikukuu ya Maria Kupalizwa Mbinguni, mstari wa watoto ulipokwisha na watawa wakanyamaza, sauti moja nene ilibaki. Ikakaa, ikakaa. Mea alilia bila haya.

"Ananiita," alisema, na safari hii Orsolina hakutania.

Kwenye sikukuu ya mwezi uliofuata watawa walimaliza kila mstari pamoja. Mea alisubiri mpaka mishumaa ikazimwa, kisha akaenda mlangoni.

"Mama mkuu alimuuliza kama aliteleza," sista alisema. "Akajibu hakuteleza, alikusudia. Ametolewa kwenye kwaya, maisha yake yote. Wenzake wakiimba, yeye anapiga magoti, kafunga mdomo."

Ni Mea aliyemnyamazisha mtoto wake, na alilijua hilo.

"Ananilaumu?"

"Wala. Anauliza jambo moja tu, kama ulisikia."

"Nilisikia! Mwambie nilisikia yote."

"Siwezi, mama," sista alisema. "Nimekatazwa kumpelekea neno lako tena."