Nilivyomposa Mke Wangu kwa Mtoto Wetu

Shule niliiacha nikiwa bado nahesabia vidole, kwa hiyo sheria nimeisikia kwa redio na kwa mke wangu. Redio iko na upole zaidi.

Tumeishi pamoja hapa Rumonge mpaka wajukuu wakaota ndevu, lakini komine, ofisi ya serikali inayoandika ndoa, haikutujua. Nilimpata Kigoma, enzi za ukimbizi, tukavuka ziwa tukarudi, nikaona yamekwisha. Harusi gani? Nilikuwa na shati moja, nalo la kuazima. Lakini nisianze na shati, hatutafika.

Rafiki yake wa Minago alifiwa na mume. Hawakuwa na ndoa ya serikali. Matanga hayajaisha, mashemeji wameshakata ngazi, mikungu ya michikichi ya shamba, wakamwonyesha barabara. Mke wangu alirudi kutoka kule hakula.

"Baba, ukifa wewe, mimi nitakuwa nani?"

"Si mke wangu!"

"Nani anajua?"

"Kila mtu."

"Na mdogo wako?"

Mdogo wangu alikuwa anakuja kila wiki kutazama michikichi yetu, huku akiniuliza habari za kikohozi changu.

Basi nikasema twende komine, kifua mbele, kama nampa zawadi. Akasema, "Siendi. Sijaposwa."

Posa! Kwetu unakwenda kwa wazee wa msichana, wanajifanya hawamjui, mnabishana mpaka watu wacheke, ndipo wanamtoa. Wazee wake wote wameshakufa. Akamkalisha nani kwenye kiti cha baba yake? Mtoto wetu wa kwanza. Jumapili nikatolewa nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikapiga hodi nimevaa koti la mkwe wangu, vidole havionekani.

"Amahoro, muzee. Unatafuta nini?" akauliza mtoto niliyemfundisha kunawa.

"Natafuta musichana."

"Hapa hakuna musichana. Iko bibi mmoja tu, na ana kazi nyingi."

Watu wakavunjika mbavu. Nikasema huyo huyo bibi, nitamvumilia. Kosa! Sauti ikatoka jikoni: "Mwambie arudi kwao!"

Mwanangu akaacha mchezo. "Muzee, siku ukifa, binti yetu atalala wapi?"

"Hapa hapa."

"Na shamba?"

Nikamtazama mdogo wangu kati ya wageni. Ameshika chupa ya fanta, hanywi.

"Nyumba ni yake," nikasema. "Na shamba ni lake kama lilivyo langu. Tulilipanda wawili."

Ilikuwa kweli, ila sikuwahi kuisema. Ilitoka kama mwiba wa samaki.

Ndipo akatolewa, amejifunika kitenge, anainamisha macho kama bibi harusi kweli kweli, yeye aliyenifukuza na mwiko wiki ile ile.

Komine, tumeshika bendera ya kiapo, afisa akasoma kwamba mume ndiye kichwa cha familia. Nikanyoosha shingo, wote wanione. Mke wangu akaninong'oneza, "Kichwa, funga kifungo." Cha suruali. Kilikuwa wazi tangu nyumbani.

Jioni mdogo wangu akaja kutupongeza. Akasifu michikichi, kama kawaida. Mke wangu akamwekea ugali na ndagala.

"Kula, shemeji. Wiki ijayo nakata ngazi zangu. Njoo na panga, nitakuonyesha pa kuanzia."

Alikuja, akakata. Kikohozi changu hajakiuliza tena.